Mjadala: Kipa anayetoka langoni na kupiga chenga, afungiwe benchi?

Assalam aleikum wadau. Jana baraza letu huku mtaa wa Langoni, Lamu, liliwaka. Kocha mmoja wa vijana amemweka nje kipa wake kwa sababu kwenye mechi ya ufuoni alitoka langoni, akampiga chenga straika wa kwanza, wa pili akampokonya mpira na kufunga. Mzee mmoja akakata hukumu palepale, akimtaja René Higuita, kipa wa zamani wa Kolombia: "Huyo ataka kuwa Higuita, na Higuita aliwatoa Kolombia Kombe la Dunia."

Mzee wangu namheshimu, ila hapa sikubaliani naye.

Ni kweli, tarehe 23 Juni 1990 kule Napoli haisahauliki. Kolombia na Kamerun, muda wa nyongeza. René Higuita yuko mbali na goli lake, anapewa pasi, anauvuta mpira kwa wayo ili amzungushe Roger Milla, straika wa Kamerun. Milla, miaka 38, anaunyakua na kwenda kufunga lango tupu. Mechi ikaisha 2-1. Lakini Milla alikuwa ameshafunga la kwanza dakika chache kabla, na lile halikutokana na chenga ya kipa. Kolombia walikuwa nyuma tayari, timu imepanda, na Higuita ndiye aliyekuwa beki wa mwisho. Kocha Francisco Maturana alimtaka acheze hivyo, na mtindo huohuo uliipa klabu ya Atlético Nacional ya Kolombia Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, mwaka 1989. Fainali ile na Olimpia ya Paraguay iliamuliwa kwa penalti: Higuita alidaka nne, na yake akafunga.

Kisha mwaka 1992 sheria ikabadilika, kipa akakatazwa kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Tangu hapo kipa asiyejua mpira miguuni ni mzigo kwa mabeki wake. Manuel Neuer, kipa wa Ujerumani, alipotoka nje ya boksi mara kwa mara dhidi ya Algeria kwenye Kombe la Dunia mwaka 2014, dunia nzima ilimsifu.

Teke la nge la Higuita ni habari nyingine. Uwanja wa Wembley, Uingereza, Septemba 1995, alijirusha mbele akaupiga mpira kwa visigino juu ya mgongo wake. Naipenda mno picha ile, ila ilikuwa mechi ya kirafiki, na mikono ingetosha. Zile ni mbwembwe. Kijana wetu hakufanya mbwembwe.

Waliocheza ufuoni Shela maji yakiwa yamekupwa wanajua: pasi ndefu hufia mchangani, hairuki wala haiendi. Kipa akiusubiri mstarini, straika atafika kwanza. Lazima atoke, na akishafika hana pa kuubutua, maana mguu unazama. Ama atoe pasi fupi, ama apige chenga. Siku ile mabeki wote wawili walikuwa wamempa mgongo.

Makocha wa Malindi na Lamu, nawasubiri nyinyi hasa. Kipa wako akipokonywa mpira namna hii, unamtoa yeye, au unaanza kwa kuwauliza mabeki walikuwa wapi?