Plevna 1877: Baturuki balisimamisha aje Warusi miezi karibu tano?

kijana_birere
Ba yaya mujambo. Tuko na kazi ya masomo juu ya vita ya Urusi na Uturuki ya 1877. Kitu inanisumbua ni Plevna, ni kamuji kadogo tu ka Bulgaria, hakakukuwa na ngome ya maana, alafu Osman Pasha, jenerali wa Baturuki, anasimamisha jeshi ya Tsar (mufalme wa Urusi) toka mwezi wa saba mupaka 10 Desemba!! Warusi si njo balikuwa bengi? Baliharibia wapi?

fundi katindo
Mudogo, jibu iko mu udongo. Osman alitoka Vidin na miguu, akafika 19 Julai, kesho yake bakamushambulia, akabafukuza, njo bakaanza kuchimba mahandaki na ngome za udongo ku vilima. Huku kwetu Goma shimo ya choo tu unapigana na jiwe ya volkano mupaka mikono inatoka malengelenge, kule ardhi ilikuwa inachimbika. Mizinga ya Warusi inabomoa mchana, usiku Baturuki banarudisha udongo na chepeo, asubui unakuta ngome iko pale pale 😂

mwalimu_mustaafu
Musisahau bunduki. Baturuki walikuwa na Peabody-Martini, ya kutengenezwa Marekani, inapiga mbali kuliko Krnka ya Warusi wengi. Ukiponyoka hiyo ukakaribia, unakutana na Winchester, risasi zimepangwa ndani, na sanduku ya zingine kando ya askari. Warusi walirudi tena 30 Julai, tena 11 Septemba, wakaanguka vibaya, ila Waromania, waliopigana upande wa Warusi, walikamata ngome moja ya Grivitsa. Hapo wakamuita Totleben, yule aliyejenga ulinzi wa Sevastopol, akasema acheni kupanda vilima, zungukeni muji, fungeni barabara.

kijana_birere
Kumbe ni njaa njo iliwashinda, hapana bunduki?

mwalimu_mustaafu
Njaa, ndiyo. Osman alijaribu kutoboa kwenye muto Vit, akapigwa risasi ya muguu, akajisalimisha. Tsar Alexander II akamurudishia upanga wake.

mama neema
Na ile mukutano wa Berlin kisha vita, si njo walitugawanyia Kongo?

fundi katindo
Apana mama, hiyo ilikuwa 1878, ya Balkan. Yetu ni 1884-85. Ila muji ni ule ule na Bismarck, mukubwa wa serikali ya Ujerumani, njo alikalia kiti zote mbili, mudogo usichanganye siku ya kusoma kazi yako mbele ya darasa.