Watano bora wa Ohio State kwenye ligi ya kulipwa: vigezo kwanza, majina baadaye

Kutoka: Mama Zawadi, Westerville

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Watoto wa darasa la Kiswahili la Jumamosi wanatengeneza bango la wachezaji watano bora waliotoka Chuo Kikuu cha Ohio State wakang'ara kwenye mpira wa Kimarekani wa kulipwa. Kundi moja limemweka Joe Burrow, jingine Archie Griffin, na hakuna anayekubali kushuka. Naomba mwenye kuujua mchezo huu atupe vigezo. Bango linachapwa Alhamisi.

Kutoka: Baba Neema, Columbus

Mama Zawadi, salama. Majina yaje mwisho, kwanza amueni nani anahesabika. Mimi nashika masharti mawili: awe amecheza timu kubwa ya chuo, na awe ametokea chuo hicho kuingia ligi ya kulipwa. Burrow anakwama kwenye la pili. Alikuwa mchezaji wa akiba Ohio State, akapata shahada yake hapo, kisha akahamia LSU, chuo kikuu cha Louisiana. Tuzo ya Heisman ya 2019, ya mchezaji bora wa vyuo, aliipatia LSU, na timu ya Bengals ilipomchukua wa kwanza kabisa 2020 kwenye drafti, yaani zamu za timu za kulipwa kuchagua wachezaji wapya, alitokea LSU. Watoto wanapotea kwa sababu tovuti za takwimu huandika vyuo vyote viwili kwenye ukurasa wake. Wafungue orodha ya drafti ya mwaka husika, ndiyo inayomaliza ubishi.

Griffin yuko tofauti. Heisman mbili, 1974 na 1975, hakuna mwingine aliyewahi kuzipata. Lakini bango ni la ligi ya kulipwa, na huko alikimbia yadi 2,808 katika misimu saba. Eddie George, Heisman ya 1995, alikimbia yadi 10,441 na bado watano nitakaowataja wanamshinda. Sifa za chuoni zikiruhusiwa kuingia, hamtamaliza kubishana.

Kwa alama, tumieni njia hii nyepesi: kila mwaka mchezaji alipochaguliwa kikosi cha kwanza cha All-Pro (orodha ya walio bora wa mwaka kwa kila nafasi) apewe 3, kila mwaliko wa Pro Bowl (mechi ya nyota wa ligi) apewe 1. Pro Bowl ina thamani ndogo kwa sababu kura za mashabiki zinahesabiwa, na aliyeumia hujaziwa nafasi na mwingine. Kwa All-Pro shikeni orodha ya shirika la habari la Associated Press peke yake. Zipo nyingine za zamani, na mkizichanganya mchezaji mmoja atatoka na hesabu mbili.

Watano ninaowapendekeza ni hawa. Jim Parker: All-Pro 8, Pro Bowl 8, jumla 32. Orlando Pace: 3 na 7, jumla 16. Paul Warfield na Cris Carter: 2 na 8 kila mmoja, jumla 14. Randy Gradishar: 2 na 7, jumla 13.

Waliobado uwanjani wawekwe kisanduku cha pembeni. Cameron Heyward wa Steelers akistaafu atamtoa mtu hapo juu, ila faili lake lifungwe kwanza.

Mtaulizwa kwa nini wawili wa juu ni watu wa mstari wa mbele, wasiogusa mpira. Waonyesheni watoto video ya Pace. Msimtazame mwenye mpira, mtazameni yeye, upande wa kushoto. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akirusha kwa mkono wa kulia huupa upande huo mgongo, kwa hiyo anayetokea huko hamwoni. Pace anarudi nyuma kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, makalio chini, na viganja vyake vinafika kifuani kwa mpinzani kabla ya mpinzani kumshika. Akichelewa hata kidogo, kwotabeki yuko chini. Alipokuwa chuoni walikuwa wakihesabu mara alizomlaza mtu chali, kama chapati kwenye kikaango. Timu ya Rams ilimchukua wa kwanza kwenye drafti ya 1997.

Parker aliifanya kazi hiyo kumlinda kwotabeki Johnny Unitas kule Baltimore, na 1973 akawa wa kwanza kuingia Ukumbi wa Mashujaa kwa kazi ya mstari wa mbele wa mashambulizi peke yake.

Kutoka: Mzee wa Grove City

Vijana, hizo alama zinamwonea Bill Willis wa Ohio State na timu ya Browns. Pro Bowl ilisimama wakati wa vita, ikarudi Januari 1951. Yeye alianza 1946, sasa angealikwa wapi? Na mbona Lou Groza hamumtaji?

Kutoka: Baba Neema, Columbus

Shikamoo mzee. Kuhusu Willis umenirekebisha, na nashukuru. Mwaka 1946 alikuwa mmoja wa Weusi wanne walioufungua tena mlango wa mpira wa kulipwa uliokuwa umefungwa kwa ngozi yao, mwaka mmoja kabla ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu ya besiboli. Na uwanjani: Desemba 1950, Browns dhidi ya Giants, mshindi aende fainali. Roberts wa Giants amechomoka na mpira, mbele yake hakuna mtu. Willis, ambaye kazi yake ni katikati ya mstari, anamfukuza kwa nyuma na kumkamata kabla hajafika. Browns walishinda 8 kwa 3. Namba tano ni yake, Gradishar anapisha.

Groza alikuwa timu ya mwaka wa kwanza 1942, akaenda jeshini, kisha moja kwa moja Browns. Timu kubwa ya chuo hakuichezea. Tukimkubali kwa sababu ya shahada, itabidi tumwite na Burrow.

Dick LeBeau naye aandikwe pembeni: pasi 62 za wapinzani alizonasa akiwa timu ya Lions si haba, ila All-Pro ya kikosi cha kwanza hana.

Mama Zawadi, chini ya kila picha wekeni nafasi, miaka na namba moja tu. Warfield na Carter wasipewe namba ya aina moja. Carter alidaka pasi 1,101, Warfield 427, na mtoto atadhani Warfield alikuwa wa kawaida. Timu yake ya Dolphins ilikuwa ya kukimbia na mpira kuliko kurusha, na kabla ya kanuni za 1978 beki aliruhusiwa kumsumbua mpokeaji mbali zaidi uwanjani. Yake iwe yadi 20.1 kwa kila mpira aliodaka. Ya Carter, tachidauni 130, yaani mara alizofunga kwa kudaka pasi.

Kabla ya Alhamisi badilisheni pia kichwa cha bango kama kimeandikwa NFL, jina la ligi kuu ya kulipwa ya leo. Kuanzia 1946 hadi 1949 Browns ya Willis ilikuwa ligi nyingine, AAFC, na ilitwaa ubingwa wake miaka yote minne. Andikeni "ligi ya kulipwa".