Honda CG125 ya zamani kuwa cafe racer, nipo Tanga: nikate wapi?

Chuda_CG
Wakuu, habari za majukumu. Nina Honda CG125 ya miaka ya 1980, ile ya umeme wa volti 6 na moto wa platini. Kadi ninayo. Fremu haina ufa, injini inazunguka kwa kiki, ila tangi lina kutu ndani na madigadi yote mawili chumvi imeshayala. Nataka nitoe cafe racer: siti ya mtu mmoja yenye kinundu nyuma, usukani wa chini, mstari mmoja ulionyooka toka chini ya tangi mpaka mkiani. Fundi wa kuchomelea yupo Ngamiani, anasubiri tu nimwonyeshe pa kukata. Naomba mwongozo: nikate wapi, volti 6 niiache au niibadili, na usukani wa chini utasumbuana na kiki? Matumizi ni mjini na wikiendi barabara ya Pangani, si bodaboda.

Fundi_wa_Pongwe
Mkuu, mwambie huyo fundi aweke grenda chini kwanza. Pikipiki isiyotembea ikiwa nzima haitatembea ikiwa imekatwa, na ukigundua klachi inateleza baada ya kupaka rangi, utaikwangua rangi yako mwenyewe wakati wa kushusha injini. Mwaga oili, fungua kifuniko cha upande wa kulia, safisha chujio la wavu na kile kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya kranki. CG haina filta ya karatasi, uchafu hujikusanya humo, na ikikaa miaka bila kufunguliwa utaukuta umeganda kama udongo wa mfinyanzi. Weka 20W-50 ya pikipiki, lita moja kasoro kidogo, usome kwenye kijiti. Valvu zote mbili ziwe 0.08 mm injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo na alama ya T ya kwenye magineti imekaa sawa. Iendeshe hivyohivyo na ubaya wake wa sura mpaka uridhike nayo.

Sasa kukata. Mstari wa siti usiuchague kwa macho, utachaguliwa na tairi. Toa shokapu zote mbili. Pima urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu, halafu pima ile fimbo inayong'aa inayozama ndani ikibonyea. Ondoa hiyo kwenye urefu wa kwanza. Kinachobaki ndio urefu wa shokapu ikiwa imebonyea kabisa. Chukua vyuma bapa viwili, toboa matundu kwa urefu huo, vifunge mahali pa shokapu. Hapo gurudumu limesimama mahali pa juu kabisa litakapowahi kufika. Ukingo mpya wa fremu upite juu ya tairi kwa angalau 30 mm, ukihesabu na kitako cha siti, waya na boliti za taa ya nyuma. Wanaoruka hatua hii siti inapendeza gereji, ila tuta la kwanza tairi linalamba ubao na kukata waya za taa.

Kata ukiacha angalau 50 mm za bomba la asili nyuma ya mahali shokapu inapofungwa juu. Yale mabati ya pembe yanayoshika shokapu usiyaguse hata kama yanaharibu sura. Uzito wako wote wa nyuma unaingia kwenye fremu kupitia pale. Ukingo wenyewe ni bomba la chuma lenye kipenyo cha nje sawa na la fremu (pima kwa kaliperi, usikisie), unene wa 2 mm, limekunjwa umbo la U. Kila kiungo kiwe na kipande cha chuma kilichozama ndani, 40 mm upande huu na 40 mm upande ule. Toboa matundu mawili ya 8 mm kila upande, jaza matundu kwanza kwa kuchomelea, ndipo uzungushe kiungo. Kiungo cha kugusanisha midomo tu kitapasuka pembeni mwa weldi kwa mtikisiko, si lazima uanguke.

Namba ya chesesi isiguswe na grenda wala puti. Kadi inabeba namba ya chesesi, ya injini na rangi. Ukibadili rangi nenda TRA uirekebishe kabla hujasimamishwa.

Chuda_CG
Asante sana mkuu, umeniokolea fremu. Fundi amependekeza bomba la maji la inchi moja, anasema ni gumu zaidi. Na mashine yake ni ya vijiti vya kawaida, si ya gesi.

Fundi_wa_Pongwe
Bomba la maji lililopakwa zinki likatae. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaomletea fundi homa usiku huo, na weldi inajaa vitundu. Isitoshe, inchi moja ya bomba la maji si inchi moja ya nje. Nje inafika karibu 33 mm, haitalingana na fremu yako. Vijiti vinafaa, ila achukue vya 2 mm badala ya vile vinene vya mageti, ashushe moto, achome kidogokidogo akipokezana pande. Mwombe achome kwanza vipande vya majaribio vya unene uleule, uvipige nyundo mbele yake. Betri itoke, na kama umeshafunga CDI (kisanduku cha umeme wa kuwasha plagi, badala ya platini) ichomolewe kabla hajagusa fremu.

waya_mwekundu
Nijibu la umeme. Volti 6 ibadili. Balbu za volti 6 zinapatikana kwa kubahatisha, na taa yenyewe usiku barabara ya Pangani haikutoshi hata kumwona mbuzi.

Bahati yako ni kwamba hizi toyo za Kichina zilizojaa mitaani nyingi zimebeba injini iliyonakiliwa kutoka CG, kwa hiyo vipuri vya umeme wa volti 12 vipo kila duka. Nunua kwa seti: sahani ya koili, magineti yake, CDI, koili ya plagi, na regyuleta yenye rektifaya ndani. Usichanganye sahani ya toleo moja na magineti ya jingine, moto utatoka wakati usio wake. Kabla ya kulipa, ingiza magineti kwenye ncha ya kranki yako bila ufunguo (kile kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke juu ya kranki): ikae bila kuyumba na isiguse kifuniko, kisha ulinganishe upana wa ufunguo. Ya zamani itoe kwa pula yake. Ukiipiga nyundo unalegeza sumaku, na sumaku iliyolegea itasaga koili mpya siku ileile.

Ulizia pia kama CDI ni ya kulishwa na koili au ya kulishwa na betri. Chukua ya kulishwa na koili, injini itawaka hata betri ikifa, na wewe utatumia betri ndogo ya jeli ya 4Ah ndani ya kinundu cha siti. Fyuzi ya 10A ikae karibu kabisa na betri. Ukifunga indiketa za LED na ile fleshi ya zamani (kifaa kinachozipepesa), zitapepesa haraka mno au zisiwake, kwa sababu fleshi hiyo inategemea balbu zinazokula umeme mwingi. Nunua fleshi ya LED.

Halafu kuna hili ambalo kila cafe racer iliyopakwa rangi vizuri inaugua: erthi. Rangi imeziba pale waya zilipokuwa zinagusa chuma. Vuta waya mmoja mnene kutoka betri mpaka boliti ya injini, na mwingine mpaka taa ya mbele, usiitegemee fremu.

Dada_wa_Sahare
Usukani. Ule wa vipande viwili unaobana kwenye miguu ya foku ni mzuri kwa picha, ila kwenye CG vidole vitabanwa kati ya mshikio na tangi ukikata kona kali pale getini. Kuna usukani wa bomba moja wa 22 mm uliopinda kwenda mbele na chini, unakaa kwenye vishikio vyako vya asili na swichi zako zote zinaingia. Anza na huo. Ukiufunga, geuza kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho injini ikiwa inawaka. Kama mlio unapanda, kebo ya mafuta inavutika. Kebo za asili zitakuwa ndefu mno kwa usukani wa chini, na kebo iliyojikunja ni klachi nzito na breki ya mbele inayochelewa kuachia.

Kiki haisumbuani na usukani, inasumbuana na futresti. Ukizirudisha nyuma, ya kulia inasimama njiani mwa kiki, hivyo lazima iwe ya kukunja. Usizifunge kwenye mahali pa futresti za abiria kama zako zipo kwenye swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), maana miguu itapanda na kushuka na kila shimo. Upande wa kushoto, ukigeuza tu mkono wa gia uelekee nyuma, gia zote zitakuwa kinyume; weka kifimbo chenye viungo viwili. Fimbo ya breki ya nyuma ikibadilika urefu, rekebisha mpaka ule mkono kwenye dramu uwe karibu pembe mraba na fimbo wakati breki imeshika. Ukipita hapo nguvu ya mguu inapotea.

kabureta_tu
Hakuna aliyetaja boksi la hewa. Toa, funga filta ya koni, pembetatu ile chini ya siti ibaki wazi. Bila hivyo si cafe racer.

Fundi_wa_Pongwe
@kabureta_tu kwa barabara ya lami ya kule Ulaya sawa. Hapa filta ya koni inakaa moja kwa moja kwenye maji ya tairi la nyuma, na masika ya Tanga unayajua. Mimi ningeacha boksi.

kabureta_tu
Basi kila mtu na ladha yake, ila akitoa afuate hivi: hewa ikiongezeka, mafuta yanakuwa pungufu, injini inachemka na kukohoa ukifungua mkono. Apandishe jeti kubwa hatua mbili au tatu, mfano kutoka 98 kwenda 105. Plagi mpya, afungue mkono wote kwenye barabara iliyonyooka, azime injini akiwa ameshika klachi, asimame pembeni, aitoe. Nyeupe ni mafuta kidogo, nyeusi kavu ni mengi, kahawia ya maziwa ndiyo. Skrubu ya hewa aanzie mzunguko mmoja na nusu. Na filta ivalishwe kigao cha bati kwa nyuma, hapo nakubaliana na mkuu.

Dada_wa_Sahare
Kuhusu kutu, kwa pwani yetu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko kukata. Tangi: ingiza kiganja cha nati, mimina siki mpaka ijae, acha siku nzima, tikisa, mwaga. Suuza kwa maji yenye baking soda, kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa, kisha zungusha petroli iliyochanganywa na oili ya 2T. Ukiliacha na unyevu saa moja tu kutu inarudi ya rangi ya chungwa. Bandeji ya eksozi usiifunge: inashika unyevu wa chumvi na bomba linaoza chini yake bila wewe kuona. Staili ya chuma kitupu kilichopakwa vanishi tu nayo iache, kutu inatambaa chini ya vanishi kama mizizi. Foku zivalishe zile raba za mikunjo, kwa sababu kromu ikipata vishimo inakula sili kila ukibadilisha.

Rangi ya kopo la spre itayeyuka petroli ikimwagikia hapo kwenye kifuniko cha tangi. Maliza kwa kliya ya vichanganyo viwili, na anayepuliza avae maski ya filta, si kitambaa. Usipulize siku ya mvua. Unyevu unaifanya kliya iwe na ukungu mweupe. Tumia tina ya kukauka taratibu.

Chuda_CG
Nimeelewa. Tairi nene za nyuma za 4.00 zitaingia?

Fundi_wa_Pongwe
Pima nafasi kati ya cheni na ukuta wa tairi kwanza. Kwenye CG 3.00-18 inapita raha, 3.50 mara nyingi inakaribia cheni, 4.00 itaigusa au igonge swingamu. Kama rimu yako ya nyuma ni ya inchi 17, tafuta ya 18 kutoka toyo ili mbele na nyuma zilingane, ukague na spoki. Hivyo vyuma bapa vya shokapu virudishe tena baada ya kubadili rimu, upime upya kabla fundi hajachoma ukingo.