Tupeane uzoefu: Nani alikufundisha kushika sindano?

Ndugu zangu, nawasalimu, wakubwa, shikamooni. Naomba tusimuliane jinsi kazi ya sindano ilivyorithishwa katika familia zetu, nami naanza na ya kwetu Magomeni. Bibi mzaa mama alidarizi mashuka na foronya, akamfundisha mama, na mimi nilipotimiza miaka tisa nikakalishwa mkekani kibarazani, kitambaa kikiwa kimebanwa kwenye fremu ya duara. Uzi wa kudarizia huwa na nyuzi sita zilizoshikana, lakini Bibi hakuniruhusu kuzitumia zote: alizigawa, mbili kwa vikonyo na tatu kwa maua, kwa sababu uzi mnene huvuta kitambaa kikajikunja. Nilipomaliza ua la kwanza, hakulitazama kabisa. Aligeuza kitambaa akakagua upande wa nyuma, na alipokuta mafundo, pamoja na uzi uliorushwa kutoka ua moja hadi jingine, alinirudishia nifumue. Nililia. Foronya ile, yenye maneno "Lala Salama" kwa mshono wa mnyororo, niliifumua mara tatu. Leo imo sandukuni mwangu, rangi imepauka kwa kufuliwa, lakini hakuna mshono uliochomoka.

Mchangiaji, Temeke:
Kwetu ni kofia. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, huanza kwa kuchora maua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, kisha hutoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja baada ya kingine, kazi ambayo humchukua zaidi ya mwezi kwa kofia moja, kwa kuwa hushona jioni akishamaliza mapishi. Marehemu baba ndiye aliyekuwa akiunganisha duara la juu na ukanda wa pembeni, na sasa naunganisha mimi. Naye mama hukagua kama bibi yako, ila yeye hukiinua kitambaa mlangoni penye mwanga, na tundu lililozungushiwa ovyo hujionyesha lenyewe. Kofia za mashine zimejaa Kariakoo na bei yake ni nafuu, wala simlaumu anayezinunua, lakini siku ya Idi mimi huvaa ya mama tu.

Mchangiaji, Ilala:
Mama yangu alijifunza kufuma shuleni, katika somo la sayansi kimu, na makochi yetu yote yalivaa vitambaa vyake. Alipofariki aliacha kimoja nusu, kulabu ikiwa bado imo kwenye kitanzi cha mwisho, nami kwa miaka minne sikuthubutu kukigusa. Mwaka jana binti yangu aliniomba akimalizie. Mkono wa mama ulikuwa wa kukaza, na wa binti yangu ni mlegevu, kwa hiyo mahali walipokutana panaonekana wazi. Aliniuliza kama afumue aanze upya, nikamwambia aache hivyo hivyo.