Kupimiwa baiskeli: niende Nairobi, nimwachie fundi wa mtaa ama nijipimie? Goti linaniua

Goti_la_Njoro
Wasee habari za jioni. Niko Nakuru, kila Jumamosi natoka Section 58 hadi Njoro na kurudi, baiskeli ni ya reisi ya mtumba nilichukua 22,000. Shida ni goti la kulia, mbele hapo kwa pia ya goti, nikianza kupanda tu linaanza kuwaka na Jumapili kushuka ngazi ni kazi. Nimeulizia Nairobi nikaambiwa kupimwa na mtaalamu, baiskeli irekebishwe ikutoshee mwili, ni 15,000, hapo sijahesabu nauli na kubembeleza dereva aniwekee baiskeli kwa shuttle. Fundi wa hapa karibu alinitazama mara moja, akashusha kiti kidogo, akasema "sasa uko sawa boss", mia moja. Ya tatu ni nijipimie na video za intaneti. Nani amejaribu?

Mwana_wa_Kondele
Mimi nilienda Nairobi na sijutii, lakini ujue mimi napiga kilomita mia kila wikendi na navaa viatu vya kunasa kwa pedeli. Yule jamaa alinikalisha juu ya baiskeli yangu ikiwa imefungwa kwa stendi, akanibandika vistika kwa kifundo cha mguu, goti, nyonga na bega, akanirekodi nikikanyaga kama nusu saa hivi. Kiti hakikuwa na shida kumbe! Ilikuwa kile chuma cha chini ya kiatu cha kushoto kimepinda kuelekea ndani, goti likawa linajikunja kila nikikanyaga. Mimi na fundi wangu hatungewahi kuona hiyo. Ila chunga, kabla ya huyo kuna duka lilinipima dakika kumi wakaniuzia kiti kipya. Hiyo ni biashara ya viti si kupima.

FundiSpoki
Sasa mimi ni fundi, soko la Kibuye hapa Kisumu, na sitaki mtuseme vibaya sana 😂 Ukweli ni huu: baiskeli nyingi tumekulia nazo ni mamba, zile nyeusi nzito za mizigo. Mtu wa mamba amebeba gunia ama abiria kwa keria, akisimama lazima mguu ufike chini haraka la sivyo mzigo unamwangusha, kwa hivyo anataka kiti chini na sisi tunakiweka chini. Jicho limezoea hivyo. Halafu unaniletea baiskeli ya reisi na jicho ni lilelile. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kuwa chini, sasa huyo wa Nakuru akakushushia tena, pole. Yakiwa nyuma ya goti ndio kiti kimezidi juu, na ukitazamwa kwa nyuma kiuno kinayumba huku na huku ukitafuta pedeli.

Mjenzi_Kakamega
15,000 kwa baiskeli ya 22,000 mbona usiongeze ununue ingine bana. Mimi ni mwashi na vifaa vyote niko navyo kwa mfuko wa kazi. Simama bila viatu, mgongo kwa ukuta, ingiza pimamaji katikati ya miguu ukiibana juu kabisa kama umeikalia, weka alama ukutani, pima hadi sakafuni. Zidisha na 0.883. Hiyo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya kiti, ukifuata paipu ya kiti. Ni hesabu aliyoitumia Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986, 1989 na 1990. Ya pili, krenki zikilala sambamba na ardhi, shusha timazi kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele, iangukie karibu na ekseli ya pedeli. Ya mwisho simu, mtu akurekodi kwa ubavu, pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo, digrii 25 hadi 35.

Goti_la_Njoro
Nimepima saa hii na bibi ameshika futi akinicheka. Mguu sentimita 82. Hesabu inaleta 72.4 na kiti changu kiko 68!!

Mjenzi_Kakamega
Hapo ndio goti lako limekuwa likiteseka. Lakini usiruke zote nne kwa siku moja, ongeza nusu senti, endesha mara mbili, ongeza tena. Na usipite ule mstari wa mwisho uliochorwa kwa paipu inayoshika kiti, itavunjika ama ipasue fremu.

Mama_wa_Milima_Nandi
Hesabu si msahafu jamani. Soli ya kiatu, urefu wa krenki na vile unavyokanyaga, na kidole ama na kisigino, vyote vinabadilisha hiyo namba. Na kuna vitu futi haikuambii. Mimi mguu mmoja ni mfupi, niligunduliwa na fizio hospitalini wala si duka la baiskeli, nimepima mara nne nikiwa nyumbani bila kujua. Kwa hivyo nyinyi wa jumla-toa fanyeni, lakini kama goti linavimba nenda hospitali kwanza. Na fremu ikiwa si size yako hata upimwe na nani utarudi na maumivu.

Goti_la_Njoro
Wiki tatu baadaye wasee. Nilipanda polepole, nikifunga tepi nyeusi ya stima kwa paipu kila mahali nimefika. Kwa 72.4 nyuma ya goti ikaanza kuvuta, nikarudi 71.8. Jumamosi nimeenda Njoro na kurudi na jana nimeshuka ngazi kama kijana. Nairobi nimeahirisha. Sasa ni mikono, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi nikifika Egerton, nadhani usukani uko mbali. Stemu, kile kipande kinachoshika usukani, imeandikwa milimita 110, @FundiSpoki ya 90 ya mtumba hapo Kibuye inaweza kupatikana?

FundiSpoki
Iko moja, imekwaruzwa kidogo. Lakini kwanza angalia kama pua ya kiti imeinama mbele, ikiwa hivyo unateleza na mikono ndio inakushikilia. Weka kile kipimamaji cha mwashi juu yake halafu uniambie.