Mrejesho: mwanga uliokuwa ukivuja kwenye modeli ya chumba

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini modeli yangu ya chumba ya kipimo cha 1:20 (sentimita 1 ya modeli ni sentimita 20 halisi) ina mwanga mwingi ndani kuliko dirisha la paa linavyoruhusu. Aliyesema kadibodi nyeupe inapitisha mwanga alilenga penyewe: foili ya alumini kwa nje na utepe mweusi kwenye maungio, tatizo limekwisha. Tundu la kamera nimeliweka sentimita 8 kutoka sakafuni, yaani mita 1.6 halisi, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, picha sasa zinaonekana za chumba, si za boksi.

Ukuta wa jasi wa modeli ndio umegoma. Wa unene wa milimita 3 ulipinda ukapasuka ulipokauka. Wa milimita 8 wenye wavu ndani umeshika, ila uzito wake unabonyeza kadibodi ya chini. Hapo bado natafuta dawa.