Mjadala: Je, nchi yenye akiba kubwa ya fedha za kigeni ndiyo yenye nguvu?

MLETA MADA

Wakuu, kila mara husambaa orodha inayopanga nchi kwa akiba ya fedha za kigeni zilizo mikononi mwa benki kuu. China iko juu kabisa na zaidi ya dola trilioni 3, Japani inafuata na zaidi ya trilioni 1, kisha Uswisi, India, Urusi na Saudi Arabia. Orodha ikishasambaa, hukumu zinaanza: fulani tajiri, fulani hoi, Marekani yenyewe kumbe haina kitu. Nasema mapema msimamo wangu: orodha hiyo haipimi nguvu ya nchi, na serikali inayojisifu kwa jumla ya dola bila kusema ngapi kati ya hizo zinatumika na ngapi zina wenyewe inawapotosha wananchi wake. Anayepinga aje na hoja.

Tuanze na Marekani, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Nchi inayokopa na kuagiza bidhaa kwa sarafu yake yenyewe haina sababu ya kurundika sarafu za wengine. Tena ina dhahabu tani 8,133, kuliko nchi nyingine yoyote, lakini kwenye vitabu vya serikali dhahabu hiyo bado inahesabiwa kwa dola 42.22 kwa wakia, bei ya kisheria ya mwaka 1973. Kwa bei hiyo ni kama dola bilioni 11 tu. Ihesabu kwa dola 2,000 kwa wakia, inapita bilioni 500. Kwa hiyo nafasi ya Marekani inategemea tu kama mtengeneza orodha ameingiza dhahabu au ameiacha, na kwa bei ipi.

Norwei nayo inaonekana ya kawaida tu, wakati mfuko wake wa fedha za mafuta una zaidi ya dola trilioni 1. Mfuko huo hauhesabiwi kuwa akiba ya benki kuu. Uswisi ni kinyume chake: sehemu kubwa ya rundo lake ilitokana na vita ya kuzuia sarafu yake, faranga, isipande mno. Kuanzia Septemba 2011 hadi Januari 2015 benki kuu yake iliapa kwamba yuro moja haitashuka chini ya faranga 1.20, ikawa inatengeneza faranga na kununua fedha za kigeni. Nyuma ya fedha hizo kuna faranga ambazo benki kuu inadaiwa. Na rundo lenyewe lina hatari zake: mwaka 2022 benki hiyo ilipata hasara ya takriban faranga bilioni 132.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Kwa miaka mingi kipimo kilichozoeleka kimekuwa miezi ya uagizaji: akiba itoshe kulipia bidhaa za nje kwa miezi 3, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe imejiwekea 4.5. Ni kipimo kizuri kwa nchi inayohofia kukosa dola za kununulia mafuta na dawa, ila hakisemi lolote kuhusu madeni. Mwishoni mwa 1996 Thailand ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 37 kwenye hesabu zilizotangazwa. Ikaanza kuitetea sarafu yake, baht, kwa mikataba ya kuuza dola siku za mbele, mikataba ambayo haikuonekana kwenye ile jumla. Tarehe 2 Julai 1997 ilipoiachia baht, sehemu kubwa ya dola hizo ilikuwa imeshaahidiwa kwa wengine. Miezi michache baadaye ikafuata Korea Kusini, ambako benki kuu ilikuwa imeweka sehemu ya akiba kama amana kwenye matawi ya nje ya benki za Korea zenyewe. Zilipohitajika, matawi hayo hayakuweza kuzirudisha. Desemba ya mwaka huo nchi ilikuwa mlangoni kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF).

Watu walipoteza kazi na biashara kwa sababu namba iliyotangazwa haikuwa namba iliyopo. Na hatujaacha mchezo huo. Mwanzoni mwa 2022 Sri Lanka ilitangaza akiba ya karibu dola bilioni 2, huku takriban bilioni 1.5 kati yake ikiwa ni yuani kutoka mkataba wa kubadilishana sarafu na China, yaani fedha za kurudishwa. Sharti la kuzitumia lilikuwa nchi iwe na akiba ya kutosha miezi 3 ya uagizaji. Yaani msaada wa mwenye shida uliofungwa kwa sharti la kutokuwa na shida! Aprili nchi ikasimamisha malipo ya deni la nje, na wananchi walikuwa wanapanga foleni za mafuta na gesi. Uturuki na Ajentina nazo zilifika 2023 zikiwa na jumla inayopendeza machoni, lakini ukitoa fedha za kubadilishana sarafu na madeni mengine, kilichobaki kilikuwa chini ya sifuri.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, umeandika vizuri ila umesahau kitu kinachoitwa hofu. Wenye mitaji hawasomi maelezo ya chini ya jedwali, wanaangalia ukubwa. China ilikuwa na karibu trilioni 4 katikati ya 2014, na kufikia Januari 2017 imeshuka chini kidogo ya trilioni 3. Trilioni nzima imeyeyuka na nchi haikutetereka. Taja nchi nyingine ingeweza hilo. India nayo mwaka 1991 ilibakiwa na dola za wiki chache tu za uagizaji, ikasafirisha tani 47 za dhahabu hadi Benki Kuu ya Uingereza kuweka rehani. Leo ina zaidi ya bilioni 600, na anayetaka kuichezea rupia anafikiri mara mbili. Wingi ni ulinzi, kubali tu.

MLETA MADA

La India nalikubali, na aibu ile ya 1991 ndiyo iliyowafundisha. Lakini angalia walichojenga: akiba inayotosha uagizaji wa takriban miezi 10 au zaidi, na inayozidi kwa mbali madeni ya nje ya muda mfupi. Ulinzi wao uko kwenye uwiano huo. Bilioni 600 hizo hizo zikabidhi kwa nchi yenye bilioni 800 za madeni yanayoiva ndani ya mwaka mmoja, uone kama kuna atakayefikiri mara mbili. Ndiyo maana mwaka 1999 mchumi Pablo Guidotti wa Ajentina, na baada yake Alan Greenspan wa Benki Kuu ya Marekani, walipendekeza akiba ipimwe kwa deni la nje linalotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12.

Kuhusu China, trilioni ile haikufanya kazi peke yake. Serikali ilibana sana utoaji wa mitaji nje, hasa kuanzia mwishoni mwa 2016. Bila vizuizi hivyo sijui kama wangeendelea kuuza dola kwa kasi ile.

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote mnahesabu, hakuna anayeuliza fedha zinalala wapi. Urusi iliingia vitani Februari 2022 ikiwa na zaidi ya dola bilioni 600. Karibu bilioni 300 zikazuiliwa kwa sababu zilikuwa kwenye taasisi za nchi zilizoiwekea vikwazo. Afghanistan ilikuwa na takriban bilioni 7 New York, na Agosti 2021 zikafungwa. Hapo miezi ya uagizaji inakusaidia nini? Wekeni dhahabu, na muiweke nyumbani.

MLETA MADA

Hoja nzito, na benki kuu nyingi zimeisikia: mwaka 2022, 2023 na 2024, kila mwaka zilinunua kwa pamoja zaidi ya tani 1,000 za dhahabu. Inanipa nguvu pia, maana inaonyesha dola mbili zilizoandikwa kwenye safu moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Ila dhahabu iliyo ghalani hailipii meli ya ngano kesho asubuhi. Lazima kwanza uiuze au uiweke rehani, na soko kubwa la kufanyia hivyo liko London, nje ya nyumbani kwako.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi nauliza gharama. Nchi maskini inakopa nje kwa riba kubwa, halafu dola hizo hizo inaziweka kwenye hati fungani za Marekani, yaani inaikopesha serikali ya Marekani, kwa riba ndogo. Mwaka 2006 mchumi Dani Rodrik alikadiria kwamba tabia hii inazigharimu nchi zinazoendelea karibu asilimia 1 ya pato lao kila mwaka. Hiyo ni hospitali na shule. Kwa nini tunashangilia akiba inapopanda?

MLETA MADA

Hapa ndugu yangu tunakubaliana nusu. Kukopa ili namba ya akiba ipendeze ni ubadhirifu. Lakini akiba inayotokana na mauzo ya nje siwezi kuiita hasara. Wakati dola zimekauka, anayeumia kwanza ni mgonjwa anayesubiri dawa ya kuagizwa, sio waziri.

Ninachotaka kinafanyika tayari. Baada ya msukosuko wa Asia, IMF iliandaa jedwali linaloonyesha akiba, pamoja na malipo ya fedha za kigeni yanayotakiwa ndani ya mwaka na mikataba ya siku za mbele. Nchi nyingi hulijaza kila mwezi. Basi gavana wa benki kuu anaposimama kutangaza mabilioni, na asome safu ya pili pia, ile ya malipo yanayodaiwa. Mnaotetea jumla peke yake, nipeni sababu moja ya msingi ya kutoisoma.